Sayari X na balbu tatu: jinsi simulesheni inavyofundisha na kupima sayansi na hesabu

Mwalimu akiwasha projekta na kuonesha video ya jiwe likirushwa, likipanda na kuanguka, darasa limetazama video. Litazame mara mia, jiwe litaanguka palepale. Simulesheni huanza pale mwanafunzi anapouliza, "Nikirusha kwa nyuzi 70 badala ya 45 je?" na kompyuta ikakokotoa jibu hapohapo, kwa sababu ndani yake mna milinganyo ya mwendo inayosubiri kupewa namba. Tofauti hiyo inaamua mengi: namna ya kupanga kipindi, aina ya swali la mtihani, na hata dhana potofu ambazo programu inaweza kumwachia mwanafunzi kichwani.

Miongoni mwa simulesheni zinazotumika sana mashuleni ni za mkusanyiko wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle. Zinapatikana bure, zinahusu fizikia, kemia, biolojia na hisabati, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mifano mingi hapa inatoka humo, ili msomaji aweze kuzifungua na kuhakiki kila namba mwenyewe.

Balbu tatu

Chukua simulesheni ya kuunda sakiti za umeme wa mkondo mnyoofu. Mwanafunzi anaburuta betri, waya, balbu na swichi, anaviunganisha, na balbu inawaka. Betri inakuja ikiwa na volti 9, balbu ikiwa na ukinzani wa omu 10. Programu haina orodha ya sakiti zilizotayarishwa. Kila waya unapounganishwa, inatatua upya kanuni za Kirchhoff (zinazoeleza jinsi mkondo na volti vinavyogawanyika) kwa sakiti nzima. Ndiyo maana unaweza kujenga sakiti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikiria na bado ikakupa mkondo sahihi.

Sasa somo lenyewe. Unganisha balbu A kwa mfululizo na jozi ya balbu B na C zilizo sambamba. Kabla ya kugusa kitu kingine, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari: nikiondoa C, A itaongeza mwanga, itapunguza au itabaki vilevile? Na B je?

Majibu ya kawaida yanajulikana hata kabla ya kukusanya madaftari. Wengi husema A haitabadilika, kwa kuwa "iko mbele" na umeme unaifikia kwanza. Wengine husema B haitabadilika, kwa kuwa iko kwenye njia yake. Nyuma ya majibu hayo kuna dhana mbili zilizokita mizizi: kwamba umeme husafiri ukikutana na vifaa kimoja baada ya kingine bila kujua kilichoko mbele, na kwamba betri hutoa mkondo uleule siku zote, hata kiwe kimefungwa kifaa gani mbele yake.

Hesabu ni fupi. B na C sambamba ni omu 5. Ongeza A, jumla omu 15. Mkondo wote ni 9 ÷ 15 = ampea 0.6. Huo unapita A, kisha unagawanyika ampea 0.3 kwa B na 0.3 kwa C. Ondoa C: ukinzani unapanda hadi omu 20, mkondo unashuka hadi ampea 0.45, na sasa A na B zote zinapitisha 0.45. Kwa hiyo A inafifia kutoka 0.6, na B inang'aa zaidi kutoka 0.3. Vyote viwili vinatokea kwenye skrini papo hapo, mbele ya macho ya mwanafunzi aliyekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba havitatokea.

Kile kitendo cha kuandika kabla ndicho kinachobeba somo. Bila utabiri, mwanafunzi huona A ikififia, hutikisa kichwa, husema "ndiyo, nilijua", na dhana yake ya zamani hubaki salama kabisa. Mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta anaweza kufanya kipindi hiki kikamilifu: anauliza, wanafunzi wanainua kidole kimoja, viwili au vitatu kulingana na jibu, wanabishana kwa dakika mbili na jirani, wanapiga kura tena, ndipo balbu inaondolewa. Akiwa na kompyuta kumi na wanafunzi arobaini, makundi ya watatu au wanne yanatosha, mradi anayeshika kipanya abadilike kila zoezi. Asipobadilishwa, kipanya kitakaa kwa mtu mmoja hadi kengele ilie.

Karatasi ya kazi inavyoweza kuua somo

Watafiti wa PhET wamewahoji wanafunzi mmojammoja wakiwa mbele ya simulesheni, na jambo moja limejitokeza wazi. Mwanafunzi akipewa swali pana la kumwongoza, kwa mfano "nini kinaamua balbu iwake kwa nguvu kiasi gani?", huzunguka, hujaribu, hujiuliza maswali yake mwenyewe. Akipewa maagizo ya hatua kwa hatua, weka betri hapa, soma amita, andika namba, hufanya hayo tu na kuishia hapo. Hagusi kitelezi ambacho hakikutajwa. Simulesheni inageuka kuwa karatasi ya kujaza nafasi zilizo wazi, tena kwa gharama ya umeme na kompyuta.

Hii haina maana ya kumwachia mwanafunzi uwanja mtupu. Mpangilio unaofanya kazi kwa kipindi cha dakika 80 uko hivi. Dakika tano hadi kumi za mwanzo ni za kuchezea bila maagizo yoyote; vijana watachoma betri kwa makusudi (mkondo ukizidi, programu inaonesha moto), na waachwe wachome, maana wasipofanya hivyo mwanzoni watafanya katikati ya zoezi. Kisha changamoto tatu au nne, kila moja ikitaja lengo bila kutaja njia: "Tengeneza sakiti ambayo ukizima swichi moja, balbu moja inafifia na nyingine inang'aa zaidi." Kila changamoto iwe na utabiri, jaribio na sentensi moja ya sababu. Dakika ishirini za mwisho kompyuta zifungwe, watu waongee. Walimu wengi hukata hizo ishirini za mwisho muda ukibana. Afadhali kukata changamoto moja.

Vidokezo vya namba visitolewe mapema mno. Sakiti ya balbu moja ina ampea 0.9, balbu mbili za mfululizo zina 0.45. Mwanafunzi ataandika kwamba mwanga umepungua nusu. Mwombe akokotoe nguvu kwa kila balbu, yaani mkondo mara mkondo mara ukinzani: 0.9 × 0.9 × 10 ni wati 8.1, na 0.45 × 0.45 × 10 ni wati 2.025. Ni robo. Hapo ndipo kanuni ya mraba wa mkondo inapopata maana, na hesabu ya darasani inakutana na fizikia bila kulazimishwa.

Programu inaacha nini nje

Kila simulesheni ni modeli, na modeli ni uamuzi wa mtu kuhusu nini kibaki na nini kitupwe. Mwalimu asiyejua kilichotupwa atapata aibu siku atakapohamia kwenye vifaa halisi.

Mfano ulio karibu ni huu. Kwenye simulesheni, betri moja ikiwasha balbu moja inatoa ampea 0.9. Ongeza balbu ya pili sambamba: kila moja bado ina 0.9, na mwanga haubadiliki hata kidogo. Mwanafunzi anaandika kanuni: balbu za sambamba hazipunguziani mwanga. Kesho yake maabara inatumia betri kavu zilizochoka, anaunganisha balbu ya pili, na zote mbili zinafifia. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Betri ya kwenye programu imeanza ikiwa na ukinzani wa ndani wa sifuri, na betri halisi haina sifuri hiyo. Kwenye mipangilio ya ziada ya simulesheni kuna kitelezi cha ukinzani wa betri. Kiweke omu 1 na urudie. Balbu moja: 9 ÷ 11 = ampea 0.82. Balbu mbili sambamba: ukinzani wa nje ni omu 5, jumla 6, mkondo wote ampea 1.5, kila balbu 0.75. Kutoka 0.82 hadi 0.75, mwanga umepungua kweli, kama ilivyoonekana mezani. Kipindi ambacho kingekuwa cha kuomba radhi kwa ajili ya "vifaa vibovu" kinakuwa kipindi bora cha ukinzani wa ndani.

Elektroni nazo. Programu inazichora kama vidonge vya buluu vinavyokimbia ndani ya waya, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba elektroni hutoka kwenye swichi hadi kwenye balbu kwa kufumba na kufumbua. Katika waya wa shaba wenye eneo la milimita 1 ya mraba unaopitisha ampea 0.9, elektroni husogea kwa wastani chini ya sentimita 25 kwa saa nzima. Balbu huwaka mara moja kwa sababu zile zilizo tayari ndani ya uzi wake zinaanza kusogea karibu papo hapo. Mkondo ukiwa mkubwa sana, programu yenyewe inatangaza kwamba imepunguza kasi ya mchoro. Tangazo hilo lisipuuzwe. Ni mahali pazuri pa kusimama na kuuliza mchoro una maana gani.

Balbu ya kawaida ya kwenye programu ina ukinzani usiobadilika. Ya kweli, yenye uzi wa tungsteni, ikiwa baridi ina ukinzani mdogo mara kadhaa kuliko ikiwa inawaka, kwa hiyo mwanafunzi anayeipima kwa multimita ikiwa mezani atapata namba isiyolingana na hesabu yake. Na amita ya kwenye skrini haitetemeki, haina makosa ya jicho kusoma sindano kwa pembe, klipu zake hazina kutu.

Je, vifaa halisi basi vitupwe? Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya kozi moja ya utangulizi wa fizikia ambapo baadhi ya wanafunzi walifanya maabara ya umeme kwa simulesheni na wengine kwa waya na betri. Waliotumia simulesheni walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya dhana, na pia walipopewa vifaa halisi waunde sakiti na kuieleza. Matokeo hayo yalishangaza wengi, lakini yasomwe kwa uangalifu. Yanahusu wanafunzi wa chuo kikuu, mada moja, na simulesheni iliyoundwa kwa uangalifu mkubwa ili umakini uende kwenye mkondo badala ya klipu iliyolegea. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, uwe wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) au KNEC (la Kenya), unamdai mtahiniwa ashike vifaa, asome mizani, aandike vipimo kwa idadi sahihi ya desimali. Ujuzi huo hauji kwa kipanya. Kwa shule yenye seti mbili tu za vifaa, utaratibu wenye akili ni simulesheni kwanza kwa dhana, kisha makundi kupita kwenye meza ya vifaa kwa zamu fupi wakijua tayari wanachotafuta.

Bila intaneti

Simulesheni mpya za PhET zimeandikwa kwa HTML5, na kila moja hupakuliwa kama faili moja. Ukishaipata kwenye mgahawa wa intaneti unainakili kwenye flashi, unaifungua kwa Chrome au Firefox, na inafanya kazi bila mtandao. Inafanya kazi pia kwenye simu janja na tableti, ingawa kwenye skrini ndogo kuunganisha waya kunachosha na vidole huburuta kitu kisichokusudiwa.

Kinachokwama mara nyingi ni simulesheni za zamani. Zile zilizoandikwa kwa Flash (teknolojia ya zamani ya kuendesha michoro kwenye kivinjari) zilikufa na Flash yenyewe mwishoni mwa 2020. Zile za Java zinahitaji ama Java kwenye kompyuta husika ama mtandao wa kuziendeshea ndani ya kivinjari, na huwa nzito. Mwalimu anayepakua kwa ajili ya muhula mzima ahakikishe jina la faili linaishia na .html, azime data, afungue kila moja mara moja kabla hajaondoka mjini. Kwenye kompyuta kuukuu, kivinjari ambacho hakijasasishwa kwa miaka mingi kinaweza kufungua ukurasa mweupe mtupu. Beba na kisakinishi cha Firefox kwenye flashi hiyohiyo.

Kupima: kila kosa na namba yake

Kufundisha kwa simulesheni kumezoeleka. Kupima kwa simulesheni ndiko kunakoleta maswali magumu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kufika kwenye jibu sahihi kwa kubofyabofya hadi kitu kigeuke kijani.

Simulesheni ya pendulamu ya PhET ina chaguo la uvutano: Mwezi, Dunia, Mshtarii, na Sayari X. Ya mwisho hii programu haitaji mchapuko wake wa uvutano. Mwanafunzi anapewa rula, saa ya kupimia muda na kanuni T = 2π√(L/g), aitafute g. Ni swali zuri la mtihani, na uzuri wake uko kwenye majibu yaliyokosewa.

Weka uzi wa mita 1. Kipindi ni sekunde 1.67 hivi, mizunguko kumi ni sekunde 16.7, na g inatoka 14.2. Kidole cha binadamu kikichelewa sekunde 0.2 kuanza au kusimamisha saa, g itaangukia kati ya 13.9 na 14.6, kwa hiyo hapo ndipo mwongozo wa usahihishaji uweke mipaka. Zaidi ya hapo, namba inasema kosa. Mwanafunzi akileta 56.8, amehesabu nusu za mzunguko, kwenda peke yake na kurudi peke yake. Kipindi kimekuwa nusu na g imekuwa mara nne kamili. Akileta 17.5, alisema "moja" pale alipoachia pendulamu, kwa hiyo kumi zake ni tisa. Akileta 23.7, amesahau kupiga T mraba. Akileta 1,420, urefu umebaki kwenye sentimita. Na akileta 12.3, huyu kapima vizuri, kahesabu vizuri, ila ameachia pendulamu kutoka nyuzi 60, ambapo kipindi hurefuka kwa takriban asilimia 7 na kanuni ya pembe ndogo haifai tena. Mwanafunzi huyo wa mwisho hastahili sifuri sawa na yule wa 1,420. Anastahili swali la nyongeza.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Kwenye sehemu ya maabara ya simulesheni hiyo kuna kifaa kinachosoma kipindi chenyewe, bila mwanafunzi kuhesabu. Kinafaa kufundishia. Kwenye mtihani kinafuta ujuzi unaopimwa, kwa hiyo ama kikatazwe ama alama ziwekwe kwenye jedwali la vipimo ghafi: urefu, pembe, idadi ya mizunguko, muda, mara tatu. Na kwa kuwa jibu la Sayari X likishajulikana na darasa la mkondo A litafika darasa la mkondo B kabla ya mapumziko, kila mwanafunzi apewe urefu wake wa uzi na asahihishwe kwa vipimo vyake.

Mitihani mikubwa ya kimataifa imepita njia hii. PISA 2015, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15 ambayo mwaka huo iliweka sayansi mbele, ilikuwa na swali kuhusu kukimbia kwenye joto. Mtahiniwa alikuwa na simulesheni ya mkimbiaji wa saa moja: alichagua joto la hewa, unyevunyevu wa asilimia 20, 40 au 60, na kama mkimbiaji anakunywa maji au la. Programu ilimpa kiasi cha jasho, maji yaliyopotea mwilini na joto la mwili, na kumwonya upotevu wa maji ukipita asilimia 2 au joto la mwili likipita nyuzi 40 za Selsiasi. Swali moja lilitaka kujua kama kunywa maji kunamwokoa mkimbiaji na hatari zote mbili siku yenye joto na unyevunyevu mwingi. Simulesheni inaonesha kwamba maji yanaondoa hatari ya kukaukiwa lakini joto la mwili linabaki juu. Jibu peke yake halikutosha kwenye baadhi ya maswali: mtahiniwa alitakiwa kuchagua kutoka kwenye jedwali lake safu mbili za data zinazothibitisha alichosema.

Hizo safu mbili ndizo moyo wa jambo lote. Ili zithibitishe kitu, lazima zitofautiane kwa kigeu kimoja tu. Mwanafunzi aliyebadilisha joto na unyevunyevu kwa pamoja atakuwa na data nyingi na ushahidi sifuri. Kompyuta inaweza kuona hili bila kusoma insha, kwa sababu inahifadhi kila mbofyo: alibadilisha nini, lini, na nini alikiacha palepale. Uchambuzi wa kumbukumbu hizo kwenye swali la PISA 2012 la mashine ya kurekebisha hewa, ambalo lilikuwa na vitelezi vitatu visivyo na maelezo, ulionesha kwamba waliobadilisha kitelezi kimoja kwa wakati mmoja walifanya vizuri zaidi kuliko waliovisogeza vyote.

Kumbukumbu za mibofyo zina udhaifu wake. Mwanafunzi aliyekaa kimya dakika mbili huenda anafikiri, huenda kompyuta imeganda, huenda amechungulia kwa jirani. Asiyewahi kushika kipanya ataacha nyayo zinazofanana na za asiyejua sayansi, na alama yake itapima kipanya. Hili kwetu si jambo dogo, na dawa yake ni ya kawaida kabisa: simulesheni ya mtihani iwe ileile, au ndugu yake wa karibu, ambayo darasa limeitumia muhula mzima.

Marekani nayo, kupitia tathmini yake ya taifa ya NAEP, iliwapa wanafunzi kazi za sayansi kwenye kompyuta mwaka 2009. Wengi waliweza kuendesha jaribio lenye data chache na kuchagua hitimisho sahihi. Walipotakiwa kueleza kwa maandishi jinsi data inavyounga mkono hitimisho hilo, idadi ya walioweza ilipungua sana. Mwalimu anayegawa alama kwa zoezi la simulesheni azingatie hapo: akitoa alama saba kwa kupata namba na tatu kwa maelezo, atakuwa anapima lile ambalo kompyuta imelifanya. Mgawanyo wa nne kwa mpangilio wa jaribio na vipimo, moja kwa namba ya mwisho, tano kwa hoja unakaribia zaidi ukweli wa nani kafanya kazi.

Sarafu elfu kumi

Hesabu mara nyingi haihitaji hata programu maalumu. Lahajedwali inatosha. Kwenye seli A1 andika =RANDBETWEEN(0,1), buruta hadi A100; hiyo ni sarafu iliyorushwa mara 100, moja ikiwa kichwa na sifuri mkia. Kwenye B1 andika =SUM(A1:A100) upate idadi ya vichwa, na kwenye C1 =ABS(2*B1-100) upate tofauti kati ya vichwa na mikia. Kwenye Excel, kila ukibonyeza F9 sarafu zote zinarushwa upya. Kama fomula inakataa, jaribu nukta-mkato badala ya mkato. Mipangilio ya lugha ya kompyuta ndiyo inayoamua.

Utabiri: ukirusha mara nyingi zaidi, tofauti kati ya vichwa na mikia itapungua au itaongezeka? Karibu kila mtu husema itapungua, "zitajisawazisha". Acha darasa likusanye C1 za mara kumi kumi, kisha panua hadi safu 10,000, ukikumbuka kubadilisha SUM na lile 100. Kwa mirusho 100, tofauti ya wastani ni 8 hivi. Kwa mirusho 10,000 ni 80 hivi. Imekua. Kilichopungua ni uwiano: 8 kwa 100 ni asilimia 8, 80 kwa 10,000 ni asilimia 0.8. Dhana kwamba sarafu inakumbuka na kulipa deni, ambayo wacheza kamari wengi huishi nayo, inavunjwa na safu mbili za namba ambazo mwanafunzi amezizalisha mwenyewe.

Kama zoezi hili litasahihishwa, tahadhari moja ya kiufundi ni ya lazima. Seli zenye RANDBETWEEN hubadilika kila kitu kinapoandikwa popote kwenye karatasi, hata jina la mwanafunzi, kwa hiyo namba alizozijadili kwenye maelezo yake zitakuwa zimetoweka faili litakapofunguliwa na mwalimu. Kabla ya kuhifadhi, anakili safu ya matokeo na kuibandika pembeni kama thamani tupu, bila fomula. Baada ya hapo kila faili litakuwa na namba zake, na majedwali mawili yenye namba zilezile safu kwa safu hayawezi kuwa yametoka kwenye kompyuta mbili.